Kaburi la Mwene na Mawe ya Nyumba ya Tatu

Tangu nirudi, kila anayeingia hapa mgahawani kunywa chai ananiuliza jambo lile lile: "Mama Neema, tumesikia ulikwenda kutawazwa?" Jamani, ningetawazwa mngenikuta hapa nakaanga maandazi? Nimeona niwaeleze nyie wote kwa mpigo mmoja, maana nikisimulia nusu kwa huyu na nusu kwa yule, nakuta huko mtaani safari yangu imeongezwa simba. Simba sikumwona. Nilichokiona ni ndugu zangu.

Niwape chanzo kwanza. Marehemu mama yangu alikuwa binti wa Mwene Kalusanda, mtawala wa zamani huko Mpimbwe, ng'ambo ya Mpanda. Mwene alikuwa na wake watatu, na mama alitoka nyumba ya tatu, nyumba ndogo kuliko zote. Mwene alikufa, na bibi yangu akamfuata muda si mrefu, mama akiwa bado anajifunza kusema. Ndugu wa nyumba zile mbili wakampeleka mtoto kwa masista wa misheni wamlee, kisha wakamsahau huko kwa utulivu mkubwa. Hawakuja alipopata kipaimara. Hawakuja alipoolewa na mfanyakazi wa reli, wala tulipomzika hapa Dodoma.

Basi mwaka uliofuata zile mvua za El Nino, akaingia mgahawani mwanamume mmoja mwenye koti la suti na jasho jingi, akanikumbatia kabla sijaweka chini mwiko. Alikuwa binamu yangu Deodatusi, mjukuu wa nyumba ya kwanza, mfanyabiashara wa Mpanda.

"Dada! Tumekutafuta sana!"

"Mmenitafuta wapi?"

"Kila mahali."

Kibao changu kipo barabarani, kimeandikwa jina langu kwa rangi nyekundu, na nimekaa mtaa huu tangu nizaliwe. Lakini sawa, walinitafuta kila mahali.

Akaeleza shida yake. Kaburi la babu liko juu ya Mlima Mwisula, limejengwa kwa mawe kama mnara mfupi. Mvua zilibomoa upande wake mmoja, na ukoo umeamua kulijenga upya. Wazee wametoa sharti: hakuna jiwe kuwekwa mpaka mkono wa kila nyumba uguse ukuta wa zamani. Nyumba ya kwanza wapo, ya pili wapo, ya tatu nimebaki mimi peke yangu. Kwa hiyo nilikuwa mtu wa lazima. Mkono wangu, hasa. Sehemu nyingine za mwili sidhani kama zilikuwa na umuhimu mkubwa.

Sikutaka kwenda. Lakini mama aliniambia mara nyingi kuwa mama yake alilazwa miguuni pa Mwene, upande wa mashariki, chini ya rundo la mawe bapa. Alitamani alione kabla hajafa, na hakuliona. Nikafunga mgahawa.

Dodoma hadi Tabora

Deodatusi alitangulia, kwenda "kuandaa mapokezi". Mimi nikapanda treni, au niseme nikaenda stesheni kuishi. Treni ilitangazwa kuwa inakaribia. Ikakaribia mchana kutwa. Mkaribiaji wa namna hiyo angekuwa mchumba, ningemrudishia barua yake.

Ilipofika, nafasi yangu ilikuwa imekaliwa na mama mmoja pamoja na mabeseni yake, na mama mwenyewe alinikaribisha kwa ukarimu kama vile treni ni sebule yake. "Kaa hapo pembeni, shoga, usijali." Sikujali. Nilikaa pembeni mwa kiti changu mpaka Tabora, nikila karanga zake, na kufikia Manyoni tulikuwa tumekwisha kuwasengenya waume wote, walio hai na marehemu.

Tabora hadi Mpanda

Tabora unabadilisha treni. Ya Mpanda ni ndogo, na haina haraka na mtu. Inasimama Kaliua, inasimama Ugalla, halafu inasimama mahali pasipo na jina wala nyumba, katikati ya miombo, na hakuna anayeuliza kwa nini. Watu wanashuka, wanawasha moto, wanapika uji. Mimi mtu wa mjini nilimuuliza mfanyakazi mmoja wa treni tumesimamia nini. Akanitazama kwa huruma. "Mama, tumepumzika."

Hapo nilinunua asali kwenye chupa ya soda na samaki mkavu wa Ugalla, mgumu kiasi kwamba ungeweza kubishia hodi. Nikakaa kwenye gogo na mzee mmoja mrina asali aliyekuwa akirudi Mpanda. Aliponiuliza niendako nilijibu kwa kiburi kidogo, nakiri, kwamba naenda kujenga kaburi la babu yangu, Mwene Kalusanda.

"Kalusanda," akasema, akitafuna. "Yule wa mawe?"

"Mawe gani?"

"Yale ya kaburi. Alianza kulijenga mwenyewe akiwa hai, alitaka liwe kubwa. Mlima ule una mawe ya duara tu, hayapangiki. Mawe bapa yako chini, kijitoni. Akaamuru kila kaya ipandishe. Baba yangu alipandisha. Alikuwa anasema mgongo wake ulibaki kule juu."

Nikamwomba radhi kwa niaba ya ukoo wa kifalme.

"Aa, hapana shida," akasema. "Nipe huo mkia wa samaki."

Mjue hiyo ndiyo historia ya mnara wetu. Niliposimuliwa baadaye na ndugu zangu, wananchi walikuwa wamepandisha mawe kwa furaha, wakiimba. Baada ya uhuru, utemi ulipofutwa, furaha hiyo ikaisha ghafla. Miaka yote ile hakuna aliyetaka kujulikana kama mjukuu wa Mwene, na mlimani walipanda mbuzi tu. Ukaja wakati wa vyama vingi, watu wakaanza kuutaka ubunge, na ukoo ukakumbuka kwa uchungu mkubwa kuwa kaburi la babu lina nyufa.

Mpanda mjini

Deodatusi anakaa Nsemulwa, na nyumba yake ni nzuri, sisemi uongo. Mkewe alinipikia samaki wa migebuka na ugali, na nilikula mpaka nikaona aibu. Kwenye ukuta wa sebule palikuwa na picha kubwa ya Deodatusi akiwa amekaa kwenye kigoda, amevaa shuka la heshima begani na soksi nyeupe miguuni.

"Ni maandalizi tu, dada," akasema aliponiona naikodolea macho.

"Maandalizi ya nini?"

"Ya chochote."

Akanionyesha kibao cha marumaru kitakachobandikwa kaburini. Jina la Mwene lilikuwa juu, kwa herufi za wastani. Chini yake: limejengwa upya kwa juhudi za Ndugu Deodatusi, mjukuu. Herufi hizo ungezisoma ukiwa bado Tabora. Halafu akaniambia kuwa Jumapili paroko anakuja kubariki, pamoja na wakubwa wa wilaya, kwa hiyo kazi lazima iwe imekwisha.

"Na majina ya wake zake?" nikauliza.

"Nafasi, dada. Marumaru ni ndogo."

Kupita mbugani

Tuliondoka Mpanda kwa lori la saruji. Kwa kuwa mimi ni mgeni wa heshima nilikaa mbele, katikati ya dereva na Deodatusi, miguu ikiwa juu ya jeki. Sitalike, kwenye daraja la mto, viboko walikuwa wamelala kwenye tope wamebanana kama magunia sokoni, na mmoja akapiga mwayo akitutazama. Nilijisikia nimeeleweka.

Kisha ukaanza msitu wa Katavi na mbung'o wake. Mbung'o si nzi. Nzi anatua, mbung'o anasaini. Ukifunga dirisha unaiva, ukifungua unaliwa. Deodatusi alikuwa amevaa koti jeusi, na wadudu wale wanapenda sana rangi nyeusi, kwa hiyo nusu ya safari alikuwa akijizaba vibao kama mtu anayetubu.

Springi ikavunjika humo humo mbugani. Dereva akakata mti, akaufunga kwa kamba za mpira, na wakati akifunga tembo walipita ng'ambo ya barabara, polepole, bila hata kutusalimia. Hao ndio wanyama pekee wakubwa wa safari hii. Nawaomba muache habari ya simba.

Kasansa

Nilipowasili Kasansa, huko Mpimbwe, nilikuwa mweupe kwa vumbi la barabara na saruji, na nyusi zimeshikana. Mbele ya shule watoto walikuwa wamepangwa mistari, wakaanza kuimba. Nikageuka nyuma nione anayeimbiwa. Hakuwepo mtu. Nikapelekwa kwenye kochi, kochi kweli, lenye vitambaa, lililowekwa chini ya turubai, na mwalimu mkuu akasimama kunisomea risala.

Kumbe Deodatusi aliwaambia kuwa dada yake wa Dodoma "yuko na waheshimiwa wabunge kila siku". Si uongo. Wakati wa vikao wanakuja kula supu kwangu. Lakini maneno yalipofika Kasansa yalikuwa yameshanenepa.

"Mheshimiwa," akasema mwalimu mkuu, "tunaomba utufikishie ombi letu la mabati."

"Mwalimu, mimi napika."

"Ndiyo mheshimiwa. Na zaidi ya hapo?"

"Nakaanga pia."

Watoto wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Nikaombwa ninyanyuke kidogo, kochi linahitajika mahali, nikaletewa benchi. Chai ya maziwa niliyokuwa nimeahidiwa ilifika ikiwa ya rangi. Ni mtu mmoja tu ambaye hakubadilika, kwa sababu hakuwa amenichangamkia tangu mwanzo: kikongwe aliyekaa kwenye mkeka, akinusa tumbaku. Walinitambulisha kuwa ndiye Mama Mkubwa Apolonia, binti wa nyumba ya kwanza, mtoto pekee wa Mwene aliyebaki hai. Nikapiga magoti kumsalimu.

"Shikamoo mama mkubwa."

Akanitazama usoni kwa muda. "Marahaba," akasema, akarudi kwenye tumbaku yake. Nikajiambia, haya, hiyo ndiyo familia uliyofunga mgahawa kwa ajili yake.

Juu ya Mwisula

Kesho yake asubuhi tukapanda. Mlima si mrefu ila una roho mbaya. Ukidhani umefika, unakuonyesha kilele kingine. Deodatusi alipanda na viatu vyake vya ngozi vyenye ncha, akateleza njia nzima, akisema anafurahia hewa. Mama Mkubwa Apolonia alibebwa na wajukuu kwenye kiti. Mzee wa nyumba ya pili alipanda na fimbo, akinisimulia ushujaa wa Mwene kila alipohitaji kupumua.

Juu ni pazuri, siwezi kukataa. Unaona bonde lote mpaka ziwa linapong'aa kwa mbali. Kaburi liko katikati ya uwanda, limezungushiwa mawe bapa yaliyopangwa bila udongo. Na upande uliobomoka, ukuta mpya ulikuwa tayari umefika magotini mwangu.

"Mbona mmeshaanza?" nikauliza. "Si mkono wangu unasubiriwa?"

Mzee akakohoa. "Huo ni msingi tu. Msingi hauhesabiwi."

Basi nikaugusa huo ukuta wa zamani. Watu wakapiga vigelegele. Mkono wangu ukawa umemaliza kazi yake, na ingekuwa wameniambia nishuke wakati ule ule nisingeshangaa. Lakini mimi nilikuwa na jambo langu. Nilikwenda upande wa mashariki, miguuni pa Mwene, kama mama alivyosema.

Hapakuwa na rundo. Palikuwa na udongo mbichi wenye alama za mawe yaliyong'olewa, na mawe machache madogo pembeni, yale yaliyokosa umbo zuri.

"Bibi yangu yuko wapi?"

Mzee wa nyumba ya pili alitazama mawingu. Nikautazama ule ukuta mpya, mawe yake bapa, masafi, yamekaa vizuri. Nikaelewa. Kuliko watu washuke kijitoni wapandishe mawe, walimvua bibi yangu wakamvika babu.

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Sikuwa nimepanga. Nikasema, "Mimi sitoki hapa."

Deodatusi akachuchumaa karibu yangu, sauti ya asali. "Dada, ni mawe tu. Yule bibi mwenyewe hana shida. Jumapili wakubwa wanakuja. Nitaongea na yule wa marumaru, jina lako tunaliingiza."

"Langu? Mimi nimekufa?"

"Dada, usitutie aibu."

"Nyie mna aibu? Mmeificha wapi miaka yote hii, tuipandishe na yenyewe mlimani?"

Fundi alikuwa amesimama na mwiko wake, anatusikiliza. Anaitwa Bukuru, mtu wa Mishamo kwenye makazi ya wakimbizi, mama yake alikuja naye kutoka Burundi akiwa mgongoni. Deodatusi alimleta kwa sababu anasifika kwa kazi ya mawe. Akasogea, akavua kofia.

"Mama, hiri rundo ririkuwa kaburi?"

"La mama wa mama yangu."

Akamgeukia Deodatusi. "Bosi, uriniambia ni mawe ya ziada."

"Endelea na kazi, fundi. Haya ni ya ukoo."

Bukuru akaufuta mwiko wake kwenye nyasi, upande mmoja, halafu upande wa pili, akauweka ndani ya mfuko. "Baba yangu turimwacha kure Burundi, chini ya mgomba, na mawe matatu juu. Sijui nani amejengea jiko mawe yake. Mimi siwezi, bosi. Tafuta mwingine."

"Nitapata mwingine kabla ya Jumapili?"

"Hiro sijui."

Deodatusi alipiga kelele. Akasema juu ya saruji, juu ya paroko, juu ya heshima ya Mwene ambaye anatutazama. Akazunguka kaburi zima akisema, akarudi, akatukuta mimi nimekaa na Bukuru amekaa. Nadhani ndipo alipoiona Jumapili, wakubwa wa wilaya wamepanda mlima wote ule na yeye anawaonyesha ukuta wa magotini.

"Basi mnataka nini?" akauliza, safari hii bila asali.

"Mrudishe mawe yake," nikasema. "Ya babu yako kayatafute alikoyatafuta yeye."

Kijitoni

Kwa hiyo, nyie mnaouliza kutawazwa kunakuwaje, kunakuwa hivi: unashuka mlima, unatafuta jiwe bapa kwenye maji, unaliweka begani, unapanda nalo. Nyumba ya kwanza walibeba, nyumba ya pili walibeba. Mimi nilibeba, na bega langu mpaka leo linanikumbusha. Hapakuwa na aliyeimba.

Deodatusi alianza kwa kuelekeza. Akatuelekeza vizuri sana mpaka Mama Mkubwa Apolonia, akiwa kwenye kiti chake kivulini, akamuuliza kama mikono yake inauma. Akavua koti. Jiwe lake la kwanza lilimwangukia mguuni, na kile kiatu chenye ncha hakikuwa tena na ncha. Alipanda pekupeku. Katikati ya mlima nilimkuta ameketi, jiwe mapajani, akihema, uso umejaa matope.

"Dada," akasema, "hivi kweli watu walipandisha haya yote kwa furaha?"

Nikamsimulia habari ya yule mrina asali na mgongo wa baba yake. Akanyanyua jiwe lake, akaendelea. Niseme haki: alirudi tena chini, akachukua jingine, na hakuna aliyekuwa amemtuma.

Jumamosi jioni Bukuru alikuwa amemaliza. Kaburi la Mwene lilisimama, fupi kidogo kuliko mchoro wa Deodatusi, maana migongo ya kifalme ilichoka mapema. Na upande wa mashariki, bibi yangu alikuwa na mawe yake, yote tuliyoweza kuyatambua, yamepangwa vizuri kuliko ya mumewe. Bukuru alipaka saruji kidogo kwenye jiwe la kichwani, akachukua msumari.

"Mama, niandike nani?"

Jina lake sikulijua. Mama alimwita "mama", kwa kuwa ndilo neno pekee alilokuwa amejifunza. Kwetu tulisema "bibi wa mlimani". Nikawatazama ndugu zangu. Watu hawa walikuwa wamebishana usiku na mchana kuhusu majina ya baba zao na babu wa babu zao, nani atangulie nani. Sasa wote walikuwa wakitazama chini. Saruji ilikuwa inakauka.

"Nakalonda."

Alikuwa Mama Mkubwa Apolonia. Alikuwa ameshuka kwenye kiti, akasogea kwa kushikilia ukuta.

"Anaitwa Nakalonda. Mama yangu alipougua ndiye aliyenichukua. Alikuwa ananibeba mgongoni kwenda shambani, na mama yako tumboni. Alipokufa nilikuwa natoka meno ya pili. Nililia, wakanipiga, wakasema si mama yako huyo."

"Mama mkubwa," nikasema, "mbona siku zote hizi hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliuliza majina ya wanaume tu."

Bukuru akaandika, ulimi nje, kwa uangalifu mkubwa. Lakini Bukuru ni Bukuru, na jinsi anavyotamka ndivyo anavyoandika. Likatoka NAKARONDA. Deodatusi akainama aseme kitu. Nikamshika mkono akanyamaza.

Mama Mkubwa Apolonia hajui kusoma. Alipiga magoti, akapitisha kidole hewani juu ya herufi, moja baada ya nyingine, bila kuzigusa, asije akaziharibu.

"Ndiye huyu," akasema.